Msamaha Hudai Malipizi



Sisi wa Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, tulisikia Rais Frank-Walter Steinmeier alivyoomba msamaha Songea, tarehe 1 Novemba 2023, kwa ukatili wa Vita vya Maji Maji. Twalipokea neno hilo kwa heshima. Lakini Kanisa latufundisha kwamba kitubio hudai majuto, maungamo na malipizi. Aliwaahidi wazao wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, kusaidia kulitafuta fuvu lake Ujerumani. Ahadi hiyo na itimizwe.

Kipimo hichohicho kiwahusu viongozi wetu: aliyempora mjane shamba hajatubu, iwapo anaomba radhi huku akiendelea kuvuna ndizi zake. Tusamehe kwa moyo. Haki nayo tuidai.