KUKATA KONA BILA KUBURUTA MAGURUDUMU
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Ndhiwa)



Leo tuzungumze juu ya magurudumu. Watoto wetu shuleni wanasikia habari za mashindano ya roboti, yaani vimashine vya mota na betri vinavyopewa kazi ya kufanya uwanjani. Mwaka 2017 wanafunzi wa Kenya walikwenda Washington, Marekani, kwenye mashindano ya FIRST Global, pamoja na timu za nchi zaidi ya 150. Mzazi mwingine atasema, "Hiyo ni michezo ya watoto wa Nairobi." Hapana. Roboti hizo husumbuka sana kwenye kona, na shida hiyo tunayo hapa hapa, kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Tazameni. Mkokoteni ukikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kama magurudumu yameachana mita 1.2, mkizunguka duara zima la nje litazidi la ndani kwa mita 7.5 hivi. Duara liwe kubwa au dogo, tofauti ni hiyo hiyo. Pimeni kwa kamba mtaona. Basi kila gurudumu lizunguke kivyake, kwa beringi yake. Fundi akiyafunga yote mawili yazunguke pamoja na ekseli, lazima moja liburutwe. Tairi inalika, na ng'ombe wanaumia shingo.

Sasa roboti. Nyingi hazina usukani. Magurudumu ya kushoto yana mota yake, ya kulia yana yake. Upande mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma, inageuka pale pale iliposimama. Lakini ikiwa na magurudumu manne ya mpira, yote manne yanaburutwa kwa ubavu. Hapo inaruka-ruka, inamaliza betri na kupita alama.

Dawa zake ni hizi:

1. Isiwe ndefu na nyembamba. Umbali wa gurudumu la mbele na la nyuma usizidi ule wa kushoto na kulia.

2. Ikiwa na magurudumu sita, ya katikati yashushwe milimita 2 au 3, ili yabebe uzito na yale ya pembeni yaguse kidogo tu.

3. Betri ni nzito. Ikae katikati, si mwishoni.

4. Ipunguze mwendo kabla ya kufika alama.

5. Chora mstari chini, izungushe mara 10, kisha pima imepotoka kiasi gani. Mara moja tu haitoshi, kosa dogo halionekani.

Na mkokoteni vile vile: mzigo ukae juu ya ekseli, uelemee mbele kidogo tu, na ng'ombe wapunguze mwendo kabla ya kona.

Tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja mkutano ujao. Leteni mkokoteni, inueni gurudumu moja moja, lizungusheni kwa mkono. Likikwama, mwiteni fundi wa jua kali kabla tairi haijaisha. Na vijana waitwe, wao ndio washike kamba ya kupimia. Hesabu watakayoifanya pale ndiyo hesabu ya roboti, na haiwagharimu wazazi hata shilingi.