Aya Iliyookoa Shingo

Mwezi Septemba 1598, huko Hoxton nje kidogo ya London, mtunzi wa tamthilia Ben Jonson alipigana kwa upanga na mwigizaji Gabriel Spenser, akamuua. Mahakamani alikiri kosa, na adhabu yake ilikuwa kitanzi. Jonson akadai haki ya makasisi, akathibitisha kwamba anajua kusoma, akachomwa chapa ya moto kwenye gumba na mali yake ikataifishwa. Akatoka mzima. Hakuvunja gereza, wala hakukimbilia ng'ambo. Mlango ulifunguliwa na sheria yenyewe.

Mlango huo ulianza na damu. Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake, Canterbury, Desemba 1170, baada ya kugombana na Mfalme Henry wa Pili kuhusu nani ahukumu makasisi wahalifu. Mauaji yale yalimlazimisha mfalme kulegeza kamba, na makasisi wakaachiwa mahakama za Kanisa, ambazo hazikuhukumu mtu kufa. Miaka ilivyokwenda, kasisi akawa yeyote awezaye kusoma. Mara nyingi mshtakiwa alipewa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 51, maombi ya mkosaji anayelilia rehema, na Waingereza wakauita aya ya shingo. Kuanzia 1489, asiye kasisi aliruhusiwa kuponea hapo mara moja tu. Ndiyo sababu ya chapa: M kwa muuaji, T kwa mwizi. Akirudi kizimbani, gumba linamsuta.

Wapo watakaosema ile ilikuwa huruma, maana sheria ilinyonga hata mwizi wa mali iliyozidi peni 12, na maskini asiyejua herufi aliweza kukariri mstari ule akanusurika. Ni kweli, wengi walipona hivyo, na uhai wao si jambo dogo. Lakini huruma hiyo iligawiwa kwa upendeleo. Mwanamke asiye mtawa hakuipata kabisa hadi 1624, tena kwa wizi mdogo tu. Na sheria ya 1547 iliwapa mabwana wa Bunge haki hiyohiyo hata kama hawakujua kusoma, bila kuchomwa chapa. Hapo kisingizio cha elimu kinaanguka: kilicholindwa kilikuwa cheo. Tena, kwa kuwa wenye sauti walikuwa na pa kupitia, hawakuwa na haraka ya kuurekebisha ukali wa sheria uliowanyonga wengine. Jaribio la kusoma lilifutwa 1706, na haki yenyewe 1827. Mabwana wa Bunge waliondolewa yao 1841.