Viti Vimejaa, Vitabu Vimelala

Leo nataka tuzungumze juu ya jumba ambalo wengi wetu tulilijua wakati wa mitihani, kisha tukalisahau siku ile ile tuliyokabidhiwa cheti. Jumba lenyewe ni maktaba.

Ingia katika maktaba ya umma katika mji wowote mkubwa wa Kenya, siku ya kazi, yapata saa nne asubuhi. Utakuta viti vimejaa. Wanafunzi wa vyuo, watahiniwa wa kidato cha nne, vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu, wote wameinama kimya. Utafurahi na kusema kumbe taifa linasoma. Lakini hebu sogea karibu utazame wanachosoma. Aghalabu ni madaftari yao wenyewe na vitabu walivyokuja navyo mikobani. Walichofuata pale ni kiti, taa na utulivu, vitu ambavyo katika nyumba ya chumba kimoja chenye watu sita havipatikani. Hilo si kosa lao, wala huduma hiyo si ndogo. Hata hivyo, nyuma ya migongo yao rafu zimesimama, na vitabu vimelala usingizi.

Kwa nini vimelala? Wapo wanaosema Mwafrika hapendi kusoma. Mimi nakataa. Nasema vitabu vingi vilivyo pale havikuletwa kwa ajili ya watu waliokaa pale. Na ili tuelewe jinsi ilivyokuwa hivyo, yatupasa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1931 ilifunguliwa jijini Nairobi maktaba ya McMillan, ile yenye nguzo ndefu na simba wawili wa mawe mlangoni. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe, Sir Northrup McMillan. Jengo lilikuwa zuri, na hata leo ni zuri. Lakini lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika aliyejenga barabara iliyopita mbele yake, na Mhindi aliyekuwa na duka mtaa wa pili, hawakuwa na ruhusa ya kukaa ndani na kufungua kitabu. Mambo yaliendelea hivyo hadi miaka ya mwisho ya ukoloni.

Sasa sikiliza ajabu hii. Mwaka huo huo wa 1931, ng'ambo ya bahari yetu, katika mji wa Madras nchini India, mkutubi mmoja aitwaye S. R. Ranganathan alichapisha kitabu chenye kanuni tano za kazi ya maktaba. Kiini chake kilikuwa kwamba vitabu vipo ili vitumike, si ili vitunzwe kama mapambo, na kwamba kazi ya mkutubi ni kumkutanisha kila mtu, awaye yote, na kitabu kinachomfaa. India nayo ilikuwa chini ya Mwingereza yule yule. Huku mlango ulifungwa kwa kutazama rangi ya ngozi, na kule mtu mmoja alikuwa akiandika kwamba mlango hauna haki ya kuuliza rangi.

Wala tusidhani kwamba vitabu vilikuja kwetu pamoja na nguzo za McMillan. Nenda Lamu, katika msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Swaleh. Pale pamehifadhiwa miswada ya kale iliyoandikwa kwa mkono. Katika mji kama ule, mtu aliweza kuweka kitabu wakfu, yaani kukitoa kisiuzwe wala kisirithiwe, bali kisomwe na wanaotafuta elimu. Kwa hiyo fikra ya kitabu cha watu wote si ngeni kwetu. Tunayo siku nyingi.

Tuendelee. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha mwaka 1965 sheria ya kuunda Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, na kazi ikaanza mwaka 1967. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na sheria yao tangu 1963, na mwezi wa Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Milango ikawa wazi kwa kila mwananchi. Lilikuwa jambo kubwa, na waliolifanya wanastahili heshima.

Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na mtu kuona sababu ya kuingia ni jingine. Ukimkaribisha mgeni nyumbani kisha ukampa chakula asichokila, atakaa kwa adabu, atakushukuru, na kesho hatarudi.

Walioling'amua jambo hili vizuri kabisa ni wakutubi wa Garissa. Waliangalia ramani ya eneo lao, wakaona kwamba watu wengi ni wafugaji wanaohamahama kufuata maji na malisho. Gari la vitabu lingekwama mchangani. Na hata lingefika, lingewakuta watu wamekwisha kuhama. Kungojea mfugaji aache ngamia wake aje mjini kuazima kitabu ni sawa na kungojea embe chini ya mbuyu. Basi mwezi wa Oktoba 1996 wakaanza safari na ngamia watatu. Walibeba masanduku ya vitabu na hema. Walipofika kwenye makazi au shule, hema lilipigwa, mikeka ikatandikwa, masanduku yakafunguliwa, na hapo pakawa maktaba. Mtoto akaazima kitabu, na baada ya majuma mawili ngamia wakarudi.

Habari hii ilisifiwa duniani kote. Mwandishi mmoja wa Marekani, Masha Hamilton, aliifanya hata msingi wa riwaya yake iliyotoka mwaka 2007. Wageni walipenda picha za ngamia. Mimi nampenda ngamia pia, ila nadhani somo lenyewe halikuwa kwa ngamia. Somo lilikuwa kwa mkutubi aliyejiuliza: watu wangu ni akina nani, wanaishi vipi, na ni mimi ninayepaswa kuwafuata ama wao wanifuate mimi? Swali hilo halihitaji jangwa. Linaweza kuulizwa Kisumu, Kitale, Voi na Machakos.

Sasa tuje kwenye lile lililo gumu zaidi, yaani kilichomo ndani ya sanduku. Mtoto wa Garissa anazungumza Kisomali na mama yake. Lugha hiyo imekuwa na maandishi rasmi ya herufi za Kilatini tangu mwaka 1972, na vitabu vyake vipo. Je, akifika kwenye rafu anakiona hata kimoja? Mtoto wa Turkana je? Wa Pokomo? Rafu zetu nyingi zimejazwa na vitabu vya msaada. Tunawashukuru waliotoa, maana asiyeshukuru hupungukiwa. Lakini aliyetoa kitabu alitoa alichokuwa amemaliza kukisoma yeye. Ndiyo maana utakuta kitabu cha kupanda maua katika msimu wa theluji, au mwongozo wa kodi za nchi nyingine wa miaka thelathini iliyopita, kikichukua nafasi ambayo ingeweza kukaa kitabu cha magonjwa ya mbuzi kwa lugha inayoeleweka.

Katika maktaba moja niliyoitembelea kikazi nilimkuta mkutubi, mama wa makamo, mwenye daftari la kawaida la shule. Nilidhani ni la mahudhurio. Kumbe humo aliandika yale yote ambayo watu walimwomba akakosa kuwapa. Mzee mmoja alitaka historia ya ukoo wake. Mama mmoja alitaka vitabu vya picha kwa mwanawe asiyesikia. Fundi alitaka maelezo ya umeme wa jua kwa Kiswahili. Kijana asiyeona aliuliza kama kuna kitabu cha breli chochote, hata kimoja. Kurasa zilikuwa zimejaa mbele na nyuma. Nikamwuliza daftari hilo humpelekea nani. Akacheka kidogo, akasema hajawahi kuulizwa.

Ndugu msikilizaji, daftari lile ndilo orodha ya vitabu vinavyotakiwa kununuliwa. Hakuna mtaalamu wa kutoka mbali atakayetuandikia orodha bora kuliko ile.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema: nchi ina lugha zaidi ya arobaini, pesa za kununua vitabu vya lugha zote zitatoka wapi? Jibu ni kwamba hakuna maktaba inayotakiwa kununua vya lugha zote. Kila maktaba iwajue majirani zake. Voi ianze na Kitaita, Lodwar ianze na Kiturkana, na kila moja iweke Kiswahili cha kutuunganisha sote. Pale ambapo vitabu vya lugha fulani ni vichache, mkutubi awaalike wazee, awarekodi hadithi na methali zao, na sauti hizo ziwekwe palipo na vitabu. Kinasa sauti siku hizi kimo katika simu ya kila kijana.

Wa pili atasema: ukileta vitabu vya kila kabila utaleta ukabila. Hapana. Ukabila hukua pale ambapo mtu haijui habari ya mwenziwe ila kwa uvumi. Katika rafu, kitabu cha Kikamba husimama bega kwa bega na cha Kijaluo, na sijapata kusikia vimepigana. Mtoto anayeona lugha ya nyanya yake imechapwa vizuri haoni haja ya kuidharau ya jirani.

Isitoshe, jambo hili si hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ilinde wingi wa lugha za wananchi, na iendeleze lugha za kiasili, lugha ya ishara na breli. Tena Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaolegeza masharti ya hakimiliki ili vitabu viweze kutolewa kwa namna ambayo wasioona wataweza kuvisoma. Sheria, basi, tunazo. Kitabu ndicho hatuna.

Na hapa ndipo ninapotaka tutazamane usoni. Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba katika majukumu ya kaunti. Ukilisoma jedwali lenyewe utaikuta maktaba katika fungu moja na michezo ya kamari, leseni za pombe na nyumba za sinema. Sasa gavana akilitazama fungu hilo, kamari na pombe humletea ada, maktaba humletea hati za malipo. Bila mtu wa kupiga kelele, unadhani ipi itakumbukwa?

Kwa hiyo nasema, wapiga kelele tuwe sisi. Kila mwaka, kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa, sheria inataka wananchi waitwe watoe maoni. Wengi wetu huenda kuomba barabara na maji, na ni haki yetu. Safari ijayo, mmoja katika kila kikao asimame aulize mambo matatu. Kwanza, kiasi gani kimetengwa kwa ununuzi wa vitabu, si kwa rangi ya ukuta wala kwa semina, bali vitabu. Pili, katika vitabu hivyo, vingapi ni vya lugha zinazozungumzwa hapa, na vingapi vinaweza kusomwa na wasioona. Tatu, mkutubi mwenyewe aliulizwa?

Jambo hili linawezekana. Jijini Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na kaunti kukarabati maktaba za mitaa ya Kaloleni na Makadara, huko Eastlands walikoishi wale ambao mwaka 1931 hawakuruhusiwa kupita kati ya simba wawili. Kazi ilianza kwa kuwauliza wakazi wanataka nini.

Nanyi wakutubi mnaonisikiliza, ambao mshahara wenu si mkubwa na sifa zenu ni chache, nunueni daftari. Andikeni kila ombi mlilokosa kulitimiza, na tarehe yake. Siku ya bajeti likiwekwa mezani, mheshimiwa hataweza kusema kwamba watu hawapendi kusoma. Itabidi aseme ukweli, kwamba watu waliomba, na hawakupewa.