Kaburi Lisilo na Jina



Nimeombwa niwaeleze machache juu ya safari yetu ya Uingereza. Siku moja kabla ya kurudi tulitembezwa mjini London. Miguu ilikuwa imechoka, na fikira za wengi wetu zilikwisha elekea nyumbani. Ndipo tulipoingizwa katika kanisa la Westminster, ambamo wafalme wa nchi ile huvikwa taji tangu mwaka 1066.

Karibu na mlango mkubwa tuliona kaburi sakafuni, limezungushiwa maua mekundu. Makaburi mengine mengi ya sakafuni hukanyagwa na wapitao, lakini hili halikanyagwi na mtu. Aliyezikwa humo ni askari aliyekufa katika vita vya 1914–1918, asiyejulikana jina. Aliletwa kutoka Ufaransa, akazikwa tarehe 11 Novemba 1920, Mfalme George wa Tano akihudhuria.

Mzee mmoja wa msafara wetu alisimama hapo kitambo, kisha akasema, "Babu yangu alichukuliwa katika vita hivyo hivyo kubeba mizigo ya jeshi, asirudi. Sisi hatuna hata kaburi la kuwaonyesha watoto." Hakuna aliyemjibu.

Wapagazi wale, watu wa Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Basi, ndugu zangu, aliye na mzee nyumbani ayakumbukaye majina yao na amwulize jioni hii, ayaandike. Yule wa Westminster jina lake limepotea kabisa. Ya kwetu mengine bado yangalipo vinywani mwa wazee.