MWALIMU MGENI WA KIINGEREZA NA VIBALI VYAKE: YALIYOONEKANA TUNDUMA

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mtumishi mstaafu wa umma mbele ya watumishi wa Serikali, wenye skuli binafsi na wakaazi waliokutana kuzungumzia ajira ya walimu wageni. Yanachapishwa kwa manufaa ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.



Nimetakiwa niseme juu ya vibali vya walimu wa Kiingereza wanaotoka nje, na namna masharti yake yalivyobadilika. Sikuwahi kuwa ofisa wa Uhamiaji wala wa Kazi. Baada ya kustaafu nilikaa Tunduma kwa miaka kadhaa, katika shughuli za mizigo za jamaa yangu, na haya nitakayoyaeleza nimeyapata kwa kuishi jirani na walimu, kwa kuwasomea barua zao na, mara moja, kwa kumshauri mmoja wao vibaya.

Kwa asiyeijua Tunduma, huo ni mji wa Tanzania Bara uliopakana na Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA inapita hapo, na barabara kuu ya kwenda Zambia vile vile, na malori hupanga foleni ndefu mno. Mji ulikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ulipoundwa Mkoa wa Songwe, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Mtu huvuka asubuhi kwenda kuuza, akarudi jioni kulala kwake, na mama akaolewa ng'ambo bila ya kuhisi kuwa amehama nchi. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani hapo, na maofisa wa nchi mbili wakawa wanahudumia wasafiri pahala pamoja.

Katika mji wa namna hiyo, mwalimu wa Kiingereza haagizwi kutoka mbali. Zambia inatumia Kiingereza maskulini na maofisini, na mwalimu yuko umbali wa kutembea kwa miguu. Upande wa Tanzania wazazi wanalipia skuli za msingi zinazosomesha kwa Kiingereza, kwa sababu wanajua kuwa mtoto akifika sekondari atasomeshwa kwa lugha hiyo. Mwenye skuli anatafuta mwalimu, na mwalimu anatafuta mshahara. Hapo ndipo karatasi zinaposahauliwa.

Mwaka 2017 nilikuwa na jirani, mwalimu wa kike kutoka Nakonde, akisomesha Kiingereza Darasa la Saba katika skuli moja binafsi ambayo sitaitaja. Raia wa Zambia hahitaji viza kuingia Tanzania. Hugongewa muhuri wa matembezi katika hati yake ya kusafiria. Mwajiri alimwambia kuwa vibali vyake "vinashughulikiwa". Siku moja alinijia na hati yake, akaniuliza kama mambo yake yako sawa. Nilitazama tarehe, nikamwambia: muhuri wako bado una siku, mwanangu, huna neno.

Nilikosea. Muhuri ule ulimruhusu kuingia na kutembea, na haukumruhusu kufanya kazi hata siku moja. Mwezi wa Agosti wakaguzi walipofika skulini, hakuwa na karatasi hata moja ya kuonesha. Aliondoka siku ile ile. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa Septemba, na watoto wale waliuingia bila ya mwalimu waliyemzoea tangu mwanzo wa mwaka. Mshahara wake wa miezi miwili ulipotea, kwani mwajiri alisema hakuna mkataba uliosainiwa, na yeye angekwenda kumshitaki wapi, ilhali hata kuwapo kwake darasani kulikuwa ni kosa?

Nilijiuliza kwa nini mimi, niliyefanya kazi za ofisi umri wangu wote, sikuyajua haya. Jawabu ni kwamba nilikuwa nikiifuata picha ya zamani. Chini ya Sheria ya Uhamiaji Namba 7 ya mwaka 1995, hati ambayo watu waliijua ilikuwa moja: kibali cha ukaazi, Daraja A kwa anayejiendeshea shughuli zake, Daraja B kwa aliyeajiriwa, Daraja C kwa mmisionari, mtu wa kujitolea, mtafiti, mwanafunzi na mfano wao. Ilikuwapo pia sheria ya mwaka 1999 ya huduma za ajira iliyogusa ajira za wageni, lakini mtaani mtu mwenye "Daraja B" alihesabiwa kuwa amemaliza.

Mambo yaligeuka ilipotungwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni Namba 1 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 15 Septemba mwaka huo. Tangu hapo milango imekuwa miwili. Kwanza Kamishna wa Kazi atoe kibali cha kazi, kisha Uhamiaji itoe kibali cha ukaazi. Mmoja bila ya mwengine hautoshi. Na anayepaswa kuomba kibali cha kazi ni mwajiri, tena kabla mgeni hajaingia kuanza kazi. Yule jirani yangu asingeweza kujiombea mwenyewe hata angelitaka.

Sasa nitawaomba mnisikilize kwa makini, maana hapa wengi huteleza. Vibali vya kazi navyo vina herufi zake, na herufi hizo hazilingani na zile za Uhamiaji. Daraja B la kibali cha kazi limewekewa fani maalumu zilizotajwa na sheria: watu wa tiba na afya, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati. Mwalimu wa Kiingereza hakutajwa humo. Yeye huangukia Daraja C, la fani nyenginezo. Basi mwalimu mmoja huyo huyo atakuwa na kibali cha kazi Daraja C na kibali cha ukaazi Daraja B, na zote mbili ni sahihi. Nimeona katibu wa skuli akirudisha fomu iliyo sawa kwa kudhani herufi zimekosewa.

Utaona basi fikra ya sheria. Mwalimu wa fizikia ni haba nchini, kwa hiyo afunguliwe njia. Mwalimu wa lugha anaweza kupatikana miongoni mwa raia. Mimi sina hakika kuwa wazazi wa Tunduma wanakubaliana na hesabu hiyo, maana ada wanayolipa wanailipa kwa ajili ya Kiingereza. Hata hivyo sheria haikumfungia mlango mwalimu huyo. Imemtaka mwajiri aoneshe kuwa alitafuta raia mwenye sifa akamkosa, na aandae mpango wa kumrithisha raia ujuzi wa mgeni.

Mpango huo wa urithishaji ndio unaowachosha wenye skuli, na wengi huuandika kwa kunakili wa jirani. Nilipata kusaidia skuli moja kuandika wa kwao, baada ya yale ya 2017. Tulimtaja kijana wa Mbozi aliyemaliza chuo cha ualimu, tukaandika kuwa atakaa katika darasa la mgeni muhula mzima, muhula wa pili atasomesha sarufi na mgeni atasomesha utungaji, na mwaka wa pili kijana atashika darasa peke yake huku mgeni akimkagua. Ilikuwa kurasa mbili tu. Lakini kijana yule alikaa kweli darasani, na siku mgeni alipougua skuli haikusimama.

Muda nao umebadilika. Kibali cha kwanza kilikuwa cha miezi 24, na pamoja na kuongezewa jumla isizidi miaka mitano; marekebisho ya mwaka 2021 yameifanya jumla hiyo miaka minane. Mgeni wa skuli asikubali kuambiwa kuwa ana muda usio na mwisho. Tena kibali kimefungwa na mwajiri na kazi iliyotajwa: mwalimu akihamia skuli ya mtaa wa pili, karatasi hazimfuati. Na juu ya yote hayo, sheria ya elimu inataka anayesomesha awe amesajiliwa au awe na leseni ya kufundisha, jambo ambalo kibali cha kazi hakiliondoi.

Wapo wanaosema kuwa Mkenya na Mganda hawahusiki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imewarahisishia wafanyakazi wa nchi wanachama kwa kadiri kila nchi ilivyokubali, lakini haikuondoa kibali. Zambia na Malawi wala hazimo katika Jumuiya hiyo. Zimo pamoja nasi katika SADC, ambayo hurahisisha matembezi. Mwalimu anayevuka Tunduma, au Isongole kule Ileje akitokea Malawi, asiichanganye safari na ajira.

Nimalizie na la hapa kwetu. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Kazi si jambo la Muungano. Ile sheria ya 2015 inatumika Tanzania Bara. Visiwani tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na kibali cha kazi cha mgeni hutolewa na mamlaka za kazi za Zanzibar. Nasema hivi kwa sababu mwalimu mmoja wa Songwe aliniandikia akiuliza kama kibali chake kingemfaa katika skuli ya Unguja iliyomwahidi kazi. Nilimjibu kuwa hakitamfaa, kwamba mwajiri wa huku ndiye aombe upya, na kwamba asikate tiketi ya boti mpaka aione karatasi yenyewe kwa macho yake. Skuli ile ilikasirika kidogo. Iliomba, na mwalimu akaja muhula uliofuata.

Yule jirani yangu hakurejea tena kusomesha Tunduma. Nilimkuta Nakonde sokoni, akaniamkia kwa heshima kama zamani, akaniuliza habari za watoto wa darasa lake.

Fomu za maombi ya kibali ninazo hapa mezani, na sasa nasubiri masuala yenu.