Chumvi ya Mama, Ubongo wa Mtoto

Mama mjamzito, chumvi yako ina madini joto? Ubongo wa mtoto huanza kujengwa hata kabla tumbo halijaonekana. Miezi hiyo ya mwanzo, mtoto hutegemea madini joto ya mama. Yakipungua sana, akili ya mtoto inaweza kudumaa. Mama naye huweza kuota rovu shingoni. Wenzetu wa nyanda za juu, Mbeya na Rukwa, wanalijua vizuri.

Usiongeze chumvi. Badilisha chumvi. Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto. Ya kupimiwa kwa kopo, hata ikiwa nyeupe pee, haina uhakika. Ifunike, iwe mbali na jua na unyevu. Itie chakula kikikaribia kuiva.

Na baba, ukitumwa dukani, soma pakiti: madini joto.