Kishikio Kisichorudi

Neno hili ni lenu ninyi mlio nyumbani, na ninyi mlio kazini, na hasa ninyi vijana mlioegesha pikipiki zenu pale Busia na Malaba mkingoja abiria. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana. Ni waya mwembamba, ambao mtu aweza kuukunja na kuutia mfukoni, na watu wasijue kwamba amebeba kitu.

Wazee wa mpakani wanakumbuka kwamba kazi ya boda boda ilianza na baiskeli. Katika miaka ya 1960 vijana walishona kimto juu ya keria, wakabeba watu na mizigo kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili. Waliwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitaja mara mbili: kutoka mpaka hadi mpaka. Neno hilo likalainika midomoni mwa watu, likawa boda boda, na leo linasemwa Afrika Mashariki nzima. Baadaye zikaja pikipiki. Mwaka wa 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na vijana wengi wakaiacha baiskeli ukutani.

Sasa, ndugu zetu, baiskeli ina hekima yake. Miguu ikichoka, nayo huchoka. Ukiogopa ukaacha kukanyaga, nayo hupunguza mwendo kana kwamba imeogopa pamoja nawe. Injini haina hekima hiyo. Haijui kuchoka wala kuogopa. Itakwenda kadiri mkono wa kulia unavyoifungulia mafuta. Na mkono ukiachia, kinachoyapunguza mafuta hayo ni springi ndogo ndani ya kabureta, inayouvuta waya urudi mahali pake. Springi ikishindwa, au waya ukikwama ndani ya ala yake, mkono utaachia lakini injini haitaachia. Ni hivyo kwa pikipiki, na ni hivyo kwa baiskeli iliyofungwa injini.

Siku moja tulipanda pikipiki kutoka Busia kwenda Malaba. Tulikuwa tumeitwa kusema neno la faraja katika mazishi, nasi tulikuwa tumechelewa. Tulipopita Alupe tulimgusa kijana begani tukamwambia, "Kaza kidogo, mwanangu, watu wanatungoja." Akajibu, "Sawa, mchungaji," akakaza.

Tulipokaribia Malaba tuliona mbele yetu mkia wa msururu wa malori yaliyokuwa yakingoja kuvuka. Kijana akaachia mkono ili apunguze mwendo. Pikipiki haikupunguza. Akakizungusha kishikio kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili, huku macho yake yakiutazama mkono badala ya barabara. Lile lori la mwisho lilizidi kuwa kubwa. Kando ya barabara mama mmoja muuza ndizi alikwisha kumnyakua mtoto wake na kukimbia, akiiacha biashara yake chini.

Kwa rehema za Mungu kijana alikumbuka. Aliacha kupigana na kile kishikio, akakamata klachi. Injini ililia kwa sauti ya kutisha, lakini gurudumu lilikuwa halisukumwi tena. Akakaza breki, akasogea pembeni, tukasimama hatua chache nyuma ya lori. Kisha akabonyeza swichi, kukawa kimya. Kwa muda hakuna aliyesema neno.

Kijana alipoufungua ule waya, tuliona nyuzi zake mbili zimekatika karibu na kishikio na kujikunja ndani ya ala kama miiba. Akainamisha kichwa. "Fundi aliniambia juzi," alisema. "Nikasema nitanunua mwingine Jumamosi. Kila jioni lazima nimpelekee mwenye pikipiki hesabu yake."

Wapenzi wasikilizaji, hatukuwa na kinywa cha kumkemea. Yeye alikuwa na waya mbovu, nasi ndio tuliomwambia akaze. Hatukumwuliza kama chombo chake ni kizima. Tulikuwa tukienda kuwafariji waliofiwa, na nusura tuwaongezee jirani zao msiba mwingine. Haraka haraka haina baraka, twawafundisha watoto hivyo, lakini siku ile tuliisahau methali tukiwa juu ya kiti cha nyuma.

Kwa hiyo twataka mlishike jambo hili, ninyi mnaoendesha. Kishikio kikikwama, usipigane nacho. Macho yabaki barabarani. Kwanza kamata klachi yote mpaka mwisho, ili nguvu ya injini isilifikie gurudumu. Injini italia. Iache ilie, kwani kelele zake hazitakuumiza. Kinachoumiza ni mwendo. Pili, kaza breki zote mbili kwa uthabiti, huku chombo kikiwa kimenyooka, ukielekea pembeni. Tatu, bonyeza swichi ya kuzimia injini, ile iliyo karibu na kidole gumba cha kulia. Ufunguo uwe wa mwisho, kwa sababu kuufikia ni lazima uondoe mkono kwenye usukani. Na kama chombo chako hakina mkono wa klachi, basi swichi ndiyo ya kwanza. Usiruke chini chombo kikiwa mbioni, na abiria naye asiruke.

Lakini wako wengine ambao swichi yao ilikufa zamani, na fundi akaikata nyaya zake. Ndugu, siku utakayoihitaji hutapata nafasi ya kumwita fundi. Itengeneze leo.

Tena, asubuhi kabla ya kuwasha injini, fanya jaribio ambalo halina gharama. Zungusha kishikio mpaka mwisho, kisha kiachie ghafula. Kinapaswa kurudi chenyewe, upesi, bila kusukumwa. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekatwa kushoto, kisha kulia, kwa maana kuna waya unaokwama wakati wa kukata kona tu. Kikirudi kwa uvivu, usiondoke. Tazama miisho ya waya, kwenye kishikio na kwenye kabureta, kwani mara nyingi nyuzi huanza kukatika huko. Waya ulioanza kukatika hauungwi, hubadilishwa. Acha pia ulegevu kidogo kwenye kishikio, kama milimita 2 hadi 6, ili waya usivutwe wakati wote. Angalia vumbi la kiangazi na matope ya masika. Angalia ile mifuko ya kukinga mikono na mvua, isije ikakibana kishikio. Na pikipiki ikianguka, hata kama imeanguka ikiwa imesimama tu, fanya jaribio hilo upya kabla ya kubeba mtu.

Nawe mwenye pikipiki, unayekaa nyumbani ukingoja hesabu ya jioni, sehemu yako ipo. Kijana akikuambia waya umekwisha, usimwulize kwanza hesabu iko wapi. Bei ya waya ni safari chache tu. Bei ya mguu uliovunjika, familia yake itailipa kwa miaka.

Nasi abiria, yatupasa kuuliza. Tuulize kabla ya kupanda. Na tukichelewa, kosa hilo ni letu. Tusimpe kijana alibebe kwa mkono wake wa kulia.

Yakobo katika waraka wake aliwakumbusha Wakristo juu ya lijamu ndogo iliyo kinywani mwa farasi, na usukani mdogo wa merikebu kubwa. Kama angalipita Malaba siku hizi, pengine angalisimama karibu na kijana wa boda boda na kuutazama waya wake. Kwa kuwa moyo wa mtu nao una kishikio. Twajua kuukaza: tunakaza hasira, tunakaza tamaa ya pesa, tunakaza maneno. Swali ni hili: tukiachia, je, unarudi? Mume aliyekwisha kusema yaliyomtosha, kwa nini ulimi wake bado unakwenda? Mara nyingi uzi wa kwanza ulikatika zamani, nasi tuliambiwa, tukasema tutautazama Jumamosi.

Na dawa yake yafanana na ile ya barabarani. Ugomvi ukishika kasi, usianze papo hapo kutafuta nani aliyeanza. Kata kwanza nguvu inayousukuma. Toka nje, kaa chini ya mti, nyamaza. Moyo utapiga kelele kwa muda; uache upige, maadamu hausukumi mkono wala ulimi. Kisha, mambo yakiisha kutulia, fungua ala utazame uzi uliokatika, na ikiwa ni wewe, useme kama alivyosema yule kijana: niliambiwa, nikaahirisha.

Siku ile tulifika mazishini tumechelewa sana. Kijana alibaki kwa fundi, naye hakuondoka mpaka waya mpya ulipofungwa. Tulimlipa nauli yake, na bei ya waya tukaigawana naye, nusu kwa nusu.

Na tuombe. Ee Bwana, uwalinde wanaosafiri leo kati ya Busia na Malaba, wenye kubeba na wenye kubebwa. Utupe mikono inayojua kuachia, na mioyo inayorudi upesi ikiitwa. Utusamehe haraka zetu. Amina.

Kwaherini, ndugu wapenzi. Na kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, kijaribuni kishikio.